Vidakuzi na wadukuzi ni neno moja?

SWALI: Nilikuwa natafuta bei ya mnada wa korosho kwenye simu, likatokea andiko: "Tovuti hii hutumia vidakuzi. Soma sera yetu ya faragha." Mwanangu akanidaka mkono: "Baba usibonyeze, hao ni wadukuzi!" Je, ni kweli? Na kwa nini faragha, wasiseme siri? – Msomaji, Masasi, Mtwara.

JIBU: Mzee wangu, mwanao kateleza kwenye irabu moja. Mdukuzi anatokana na kudukua, yaani kunasa mambo ya watu kwa kificho. Siku hizi ndiye huyo anayeingia kwenye kompyuta za wenzake bila ruhusa. Kidakuzi kina "a", na ndani yake unausikia udaku, ule wa kuchukua habari za huku na kuzipeleka kule.

Kitu chenyewe unakifahamu kwa jina jingine. Ukishusha magunia ghalani, yanapimwa, unapewa stakabadhi. Ukirudi, karani hana haja ya kukukumbuka sura, anaitazama stakabadhi. Tovuti nayo ni sahaulifu: kila ukurasa unaofungua, kwake wewe ni mgeni. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, Marekani, akaitafutia stakabadhi: maandishi mafupi ambayo tovuti huyaacha kwenye kivinjari chako, yaani programu unayofungulia tovuti, nacho huionyesha kila ukirudi. Ndivyo inavyojua kwamba ulichagua Kiswahili na kwamba nywila, yaani neno la siri la kuingilia, umeshaiweka.

Kwa kazi hiyo, jina linavionea. Lakini vipo vidakuzi vya mtu wa tatu, vinavyowekwa na wenye matangazo. Leo umeangalia mashine ya kupulizia salfa kwenye tovuti moja, kesho unasoma habari za mpira kwingine, na mashine ileile imekutangulia. Huo ni udaku mtupu, na vidakuzi vya aina hiyo unaweza kuvikataa ukaendelea kusoma bei zako.

Sasa faragha. Yanayofundishwa jandoni ni siri: aliyeyapata hayatoi. Bafu la makuti nyuma ya nyumba ni faragha: mtaa mzima unajua unaoga, ila hakuna mwenye ruhusa ya kuchungulia. Tovuti inayozungumzia faragha inakueleza inachokijua juu yako na nani atakiona. Ibara ya 16 ya Katiba yetu nayo imetumia neno hilo, "haki ya faragha". Nimewahi kukuta "sera ya siri" kwenye tangazo moja. Maana yake ni sera iliyofichwa, kinyume kabisa cha alichokusudia mwandishi.

Wapo wanaoviita vidakuzi kuki, kutoka Kiingereza "cookie". Sina ugomvi nao, mradi waseme "kuki hii, kuki hizi". "Makuki" hapana.