Akriliki inayeyuka na kuganda kwenye biti: ongeza mwendo, usipunguze

SWALI: Nakata bamba la akriliki la milimita 5 kwa rauta ya CNC, mashine ya kukatia inayoongozwa na kompyuta. Natumia biti ya milimita 6 yenye makali mawili, ileile ninayokatia mbao. Spindeli, yaani mhimili unaozungusha biti, naiweka mizunguko 24,000 kwa dakika, na mwendo wa biti kusonga mbele milimita 1,000 kwa dakika. Plastiki inayeyuka, inaganda kwenye biti, na mfereji unajiziba nyuma yake. Nimepunguza mwendo hadi 600, hali imezidi kuwa mbaya. Nifanyeje?

JIBU: Fundi, ulipopunguza mwendo ulifanya ambavyo karibu kila mtu angefanya, na hapo ndipo tatizo lilipokua. Tupige hesabu. Gawanya mwendo kwa mizunguko, kisha kwa idadi ya makali: 1,000 kwa 24,000 kwa 2. Kila ukali unang'oa unene wa milimita 0.02 tu. Kwa mwendo wa 600 unabaki na 0.012. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Ukali hauwezi kukata kitu chembamba kiasi hicho. Unakisugua, na msuguano unazaa joto. Akriliki huanza kulainika kwenye nyuzi joto 100 hivi za Selsiasi, na kwa kuwa plastiki haipitishi joto vizuri, joto lote linabaki palepale biti ilipo.

Kwenye plastiki, joto linapaswa kutoka pamoja na maranda. Maranda manene yanaondoka nalo. Unga unaliacha kwenye mfereji.

Kwa hiyo badilisha biti kwanza. Tafuta ya ukali mmoja, iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki, yenye nafasi pana ya kupitishia maranda na inayoyavuta kwenda juu. Iwe mpya, au angalau isiwe imewahi kugusa mbao: mbao hula makali mapema, na biti butu inayeyusha hata hesabu ikiwa sahihi. Kisha shusha spindeli hadi 16,000 na ulenge unene wa milimita 0.15 kwa ukali: 16,000 mara 1 mara 0.15 ni 2,400 kwa dakika. Najua inatisha kwa mtu aliyezoea 600. Mashine yako ikiwa nyepesi na haihimili mwendo huo, usirudi kwenye mwendo mdogo peke yake. Shusha na mizunguko. Mizunguko 10,000 kwa mwendo wa 1,200 inakupa 0.12, na bado unakata.

Kata kwa awamu mbili za milimita 2.5, ukiacha milimita 0.3 pembeni mwa umbo. Mwisho pitisha biti mara moja kwa kina chote uondoe hiyo 0.3. Awamu hii ndiyo inayokupa ukingo laini. Biti isizame wima. Iingie kwa mteremko. Angalia pia pembe kali: mashine hupunguza mwendo inapogeuka, mizunguko ikibaki ileile, ndiyo maana pembe huyeyuka hata pale mistari iliyonyooka inapotoka safi. Mchoro ukiruhusu, zipe pembe mviringo kidogo.

Puliza hewa ya kompresa moja kwa moja kwenye mfereji. Kazi yake kubwa ni kufukuza maranda yasikatwe mara ya pili, kupoza ni nyongeza. Na bana bamba sawasawa, kwa sababu biti ya kuvuta juu italiinua, na bamba likitetemeka ukingo unatoka na mikwaruzo ya mawimbi hata ufanye nini.

Muulize anayekuuzia kama akriliki ni ya kumiminwa kwenye kalibu au ya kusukumwa kwa mashine. Ya kumiminwa hutoa maranda makavu na inasamehe makosa. Ya kusukumwa hulainika mapema zaidi, nayo hujibana kwenye biti. Nikiwa na uchaguzi, kwa kazi ya rauta sichukui ya pili.

Jaribu kwenye kipande cha pembeni, simamisha mashine, kusanya maranda kiganjani. Yakiwa yamejikunja na si ya moto, uko sawa. Ukiona nyuzi au vidonge vilivyogandana, ongeza mwendo au punguza mizunguko, ujaribu tena.

Ukimaliza, futa kingo kwa maji na sabuni laini. Usitumie spiriti: ukingo uliotoka kukatwa una mkazo ndani yake, na spiriti inaweza kuufungulia nyufa ndogondogo ambazo hakuna msasa utakaoziondoa.