Leza haiingii singomodi: usinunue nyingine kwanza

Mkuu, umesema leza yako nyekundu ya nanomita 633 inaingia faiba (uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga) ya maltimodi, yaani inayobeba modi (maumbo ya mwanga) nyingi, kwa zaidi ya asilimia 80, ila kwenye singomodi, inayobeba modi moja tu, unaambulia asilimia 2, na sasa unataka kubadilisha leza. Usibadilishe, ni nzima kabisa.

Kiini cha maltimodi, sehemu ya katikati inayobeba mwanga, ni mikroni 50 au 62.5, ukilenga kwa wastani tu mwanga unaingia. Singomodi ya mwanga mwekundu kiini chake ni kama mikroni 4. Hapo doa la mwanga linaloangukia kiini lazima lilingane ukubwa na modi ya faiba, na mwali uingie bila kuinama. Kwa modi ya kipenyo cha mikroni 4.3, ukikosea pembeni mikroni 1 umepoteza moja ya tano; mikroni 2, zaidi ya nusu.

Anza na lenzi. Kupata fokasi yake (umbali kutoka lenzi hadi mwanga unapokusanyika), zidisha pai kwa kipenyo cha mwali na kipenyo cha modi, kisha gawa kwa mara nne ya urefu wa wimbi. Mwali wa milimita 1 unataka lenzi ya fokasi ya milimita 5.3 hivi. Ukiweka ya 11, karibu asilimia 40 imeshapotea kabla hujagusa skrubu za kulengea.

Mimi nilikwama kwenye asilimia 12 siku mbili nzima. Skrubu yoyote niliyogusa, nguvu ya mwanga unaotoka kwenye faiba ilishuka, nikaamini nimefika kileleni. Kumbe mwali ulikuwa unagonga kiini ukiwa umeinama. Dawa ni kutembeza pamoja vioo viwili vinavyoelekeza mwali kwenye faiba: zungusha skrubu ya mlalo ya kioo kilicho mbali na faiba mpaka nguvu ishuke nusu hivi, kisha irudishe kwa skrubu ya mlalo ya kioo cha karibu. Ikizidi ya mwanzo, endelea upande huohuo, ikipungua, geuza. Halafu fanya hivyohivyo kwa wima. Ndani ya saa moja nilitoka 12 nikafika 61.

Pia hakikisha singomodi yako ni ya nanomita ngapi! Ile ya mawasiliano, ya 1310 na 1550, ukiipitishia nyekundu inabeba modi kadhaa. Niliwahi kuitumia: kila nilipoigusa, doa ukutani lilipasuka vipande viwili. Singomodi halisi inatoa duara moja, na hata ukiitikisa umbo halibadiliki.

Kama leza yako ni ya daiodi, doa lake ni duaradufu, halilingani na modi ya duara, kwa hiyo asilimia 60 ni kazi nzuri sana. Weka hapa kipenyo cha mwali na lenzi uliyonayo, tupige hesabu pamoja.