Amani ya Cambrai 1529: ni mawifi wawili

Ukidhani Francis I, mfalme wa Ufaransa, na Charles V, kaisari na mfalme wa Hispania, ndo walikaa meza moja kupatana kule Cambrai, mji ulioko kaskazini mwa Ufaransa ya leo, hapana, waliomaliza vita kati yao ni wanawake wawili, Louise wa Savoy mama yake Francis na Margaret wa Austria shangazi yake Charles, ndo maana mpaka leo inaitwa Amani ya Mabibi. Na hawa walikuwa mawifi kabisa, Margaret aliolewa na kaka yake Louise akabaki mjane, tena utotoni walilelewa wote kwenye jumba la kifalme la Ufaransa, so walikuwa wanajuana vizuri tu. Nyumba walizofikia zilikuwa jirani wakaunganishiwa njia ya kupita, mmoja anavuka kwa mwenzie bila msururu wa mabalozi. Margaret mwenyewe alishamwambia Charles kwamba wafalme wana kiburi cha heshima, hakuna anayetaka kuanza kuomba amani, ila mama na shangazi wakianza haimshushi mtu. Ujanja huo, na ukakubali: Ufaransa ikabaki na jimbo la Burgundy, ikaachia madai yake ya Italia, na watoto wawili wa Francis waliokuwa mateka Hispania wakarudi 1530 kwa fidia ya ekyu (sarafu ya Ufaransa ya wakati huo) milioni 2 za dhahabu, hela ndefu sana hiyo.

Ila usiseme ilikuwa umbea wa sebuleni, wote wawili walipewa mamlaka rasmi ya kusaini, na Margaret alikuwa anatawala Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo) kwa niaba ya Charles. Nilisoma hii chuo, historia ya Ulaya.