Utitiri kwenye miche ya ndani

Ukiona vidoti vyeupe na utando mwembamba kwenye majani ya miche yako ya ndani, hiyo ni dalili ya utitiri, vijidudu vidogo saana vinavyofyonza majani, ukitaka uhakika weka karatasi nyeupe chini ya jani uligonge, ukiona vumbi linatembea ndo wenyewe. Itenge hiyo miche alafu ioshe kwa maji, hasa chini ya majani maana huko ndo wanajificha na kutaga. Ikikauka pulizia maji yenye sabuni kidogo saana, jaribu jani moja kwanza, miche michanga inaungua kirahisi, na isiwe juani. Sabuni haiui mayai kwa hiyo rudia kila siku 4 hivi, usichoke mapema. Dawa za kawaida za wadudu achana nazo, utitiri ni ndugu wa buibui, nyingi zinaua tu wadudu wanaokula utitiri.