Jibu: Takwimu za ajira na kozi mpya ya chuo, Lamu

Mwalimu, umeuliza kama takwimu za ajira zinatosha kuamua chuo chenu kianzishe uchomeleaji au upishi. Peke yake hazitoshi. Ripoti ya Hali ya Uchumi ya KNBS, ofisi ya taifa ya takwimu ya Kenya, hutoka kila mwaka na ajira zimegawanywa kwa sekta, lakini hiyo ni picha ya nchi nzima, na zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya, bila kuhesabu wakulima wadogo, wako jua kali, yaani sekta isiyo rasmi. Fundi wa jahazi wa Matondoni hatangazi nafasi gazetini. Humwita kijana anayemjua.

Kwa hiyo zungukeni. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa 2021: kawaulizeni wakandarasi wanadai cheti gani. Shela waulizeni wenye nyumba za wageni, na muende Mei, si Desemba tu, maana msimu hudanganya. Swali liwe moja: mara ya mwisho mlipotafuta fundi, mlimtoa wapi, na alishindwa na nini?

Kisha wapigieni simu waliomaliza kwenu. Nani anafanya kazi aliyoisomea? Vyuo vingi havina daftari hilo, ajabu kweli.

Mimi ningeangalia kwanza ufundi wa mashine za boti na majokofu ya samaki, ingawa hukuutaja.