Kwa Mliopewa Malezi Mwaka Huu

Walimu wa ajira mpya wakiripoti, mkuu wa shule huangalia nani bado kijana na nani watoto wanamkimbilia, halafu huyo anaandikiwa barua: kuanzia leo wewe ni mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Umesomea Baiolojia na Jiografia, una vipindi mpaka shingoni, na sasa umekabidhiwa mioyo ya shule nzima. Nawapenda sana, wadogo zangu, lakini nimechoka kuona makosa yaleyale. Juzi nimemsikia mmoja wenu paredi, mbele ya shule nzima, akisoma majina matatu: "Hawa wenye msongo wa mawazo wabaki, waje ofisini kwangu." Wale watatu sidhani kama watamfungulia mdomo tena.

Ndiyo maana naandika. Mimi ni mwalimu hapa Tabora, kwenye shule za kata za ukanda wa tumbaku, na haya nimeyaona kwa macho.

1. Usimwite mtoto kwa kipaza sauti. Mwagize akuletee madaftari, au mtembee pamoja mkitoka shamba la shule. Kaeni chini ya mwembe, mahali mnapoonekana na kila mtu lakini hamsikiki. Hiyo inamlinda yeye, inakulinda na wewe.

2. Siri. Hapa nitakaa kidogo.

Kulikuwa na binti wa kidato cha tatu kwenye shule moja ambayo sitaitaja. Alikuwa analala darasani kila siku, na kila siku anapigishwa magoti. Mwalimu wa malezi, kijana mpya kama ninyi, mwenye moyo kweli, akaona vidole vyake vimeshika gundi nyeusi ya tumbaku, akajua hapa pana jambo. Akamwita vizuri, wakazungumza. Binti akafunguka: mama amefariki, anaishi kwa baba mdogo, usiku ndiye anayekesha kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, kuchochea moto, na siku nyingine akijilaza alfajiri anaomba asiamke.

Mpaka hapo kijana alikuwa amefanya kazi nzuri kuliko wengi wetu. Lakini maneno yale yalimlemea. Saa nne, wakati wa chai, akayatoa ofisini kwa walimu. Alitaka msaada tu, maskini. Mmoja akasema ni mapenzi hayo. Mwingine akasema anadeka. Mwingine akaanza historia ya ukoo wao. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia anyamaze. Mchana wa siku ileile mwalimu mmoja akaingia darasani kusahihisha zoezi, akasema: "Na wewe unayetaka kufa, leta daftari kwanza." Darasa likaangua kicheko. Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu, na keshokutwa pia.

Tulimfuata na Afisa Elimu Kata kwa pikipiki. Tulimkuta bani, anatunga majani kwenye fito. Akatuamkia, akatuletea viti, akatupa maji. Tukamwomba arudi. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilimwambia mtu mmoja." Hakuongeza neno.

Afisa Ustawi wa Jamii ndiye aliyemnusuru: alimwita baba mdogo, akakaa na ukoo, binti akahamia kwa shangazi yake Nzega. Baadaye ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, uliowafungulia mlango wa kurudi wote waliokatisha masomo, naye akarudi. Alimaliza kidato cha nne. Ila naambiwa huko alikosomea hakuwahi hata siku moja kukanyaga ofisi ya malezi.

Kijana alipaswa kufanya nini? Kufunga mlango na kumweleza mkuu wa shule peke yake. Kumpigia Afisa Ustawi siku ileile. Kutomwacha binti arudi peke yake kwenye bani usiku ule. Na kabla ya yote, tangu mwanzo wa mazungumzo, kumwambia: "Utakayonieleza yatabaki kwangu, isipokuwa nikiona maisha yako yako hatarini au kuna mtu anakuumiza. Hapo itabidi nimweleze mtu mmoja wa kukusaidia, na nitakwambia ni nani." Mtoto akijua mpaka wa siri mapema, hataona umemsaliti.

Jambo jingine mnaloliogopa bure: muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtoto wazo. Wengi hushusha pumzi, kwa sababu hatimaye mtu ameuliza.

3. Wewe siyo daktari, na usijifanye. Wala usiishie kumpa Panadol na maneno ya faraja. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Mkondo wenye watoto 70, hao ni kama kumi. Huwezi kuwabeba. Anzia kituo cha afya, pandisha Hospitali ya Wilaya, kisha Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu wa Tabora. Walio Kigoma, rufaa ya mkoa ni Maweni. Wazazi wakisikia hospitali na akili kwenye sentensi moja, wanachokiona ni Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, na mtoto aliyefungwa kamba. Nenda nyumbani kwao mwenyewe. Usitume barua kwa mtoto. Kaa, uliza habari za shamba na mvua, ndipo ueleze kwamba mtoto anaweza kutibiwa akiwa anaendelea na masomo. Kama kwa mganga wameshakwenda, usigombane nao; waombe tu na hospitali waende.

Ukatili dhidi ya mtoto una njia nyingine: Afisa Ustawi, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au simu 116, ambayo mtoto anapiga bure. Iandike namba hiyo ndani ya mlango wa choo, asome akiwa peke yake.

4. Mapepo. Utakutana nayo, hasa mabwenini, mitihani ikikaribia. Anaanguka mmoja anapiga kelele, mara watano, mara bweni zima. Usikimbilie kuita wa kukemea mbele ya wote, na usimchape anayeanguka. Watenganishe, wape maji, ondoa watazamaji. Mwaka 1962 pale Kashasha, Kagera, kicheko kiliwashika wasichana 95 kati ya 159 wa shule moja, ikabidi shule ifungwe. Madaktari walipima na hawakuona ugonjwa wa kuambukiza. Wale mabinti hawakuwa wanaigiza, na wa kwako hawaigizi. Wakitulia, uliza kilichotangulia: chakula, mitihani, matroni mkali, mtu anayeingia bwenini usiku. Mara nyingi jibu liko hapo.

5. Fimbo na malezi havikai mkono mmoja. Kanuni ziko wazi: visizidi viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kitabuni. Lakini wewe omba usiwemo kabisa kwenye orodha ya wachapaji. Hakuna mtoto atakayemletea siri aliyemchapa asubuhi.

6. Mnaokwenda vyuoni, kwenye ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ratiba ya kilio mnaijua: bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, na matokeo yakitoka. Mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuo, amekula sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, anahofia kudisko, kuondolewa chuo kwa kufeli, na nyumbani wameshauza ng'ombe kwa ajili yake. Usisubiri aje. Orodha ya waliofeli unaipata, na ya ambao mkopo wao umekwama unaipata pia. Wapigie.

7. Mwisho, daini haki yenu. Tunayoyaomba mengine Serikali imeshayaandika. Mpango wa Shule Salama ndani ya SEQUIP, mradi wa Serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, ulitaka kila shule iwe na mwalimu wa ushauri nasaha aliyepata mafunzo. Madawati ya Ulinzi na Usalama wa Mtoto nayo yapo. Kinachokosekana kwenye shule nyingi ni muda, chumba chenye mlango unaofungika, na nauli ya kumfikisha mtoto Kitete. Kwa hiyo kwenye kikao cha kwanza cha muhula, kabla ratiba haijabandikwa, omba vipindi vyako vipunguzwe, na nauli iingizwe kwenye mpango wa shule. Usiombe kwa mdomo. Andika barua, mkuu wa shule aipokee kwa mhuri, nakala moja uwapelekee wajumbe wa bodi, nyingine ibaki kwenye jalada lako. Wakikujibu hakuna fedha, waombe waandike hivyo, na jibu hilo lipande hadi kwa Afisa Elimu Sekondari.