Jibu: You Are My Glory inafaa kutazamwa?

Dada, umeuliza kama You Are My Glory ya 2021 inastahili kufuatwa hadi sehemu ya 32, maana umechoshwa na tamthilia za Kichina zilizojaa wivu na fitina. Itazame.

Aliyenishika ni Yu Tu, mhandisi wa vyombo vya angani anayetaka kuacha kazi aipendayo akatafute mshahara mnono kwenye uwekezaji, kwa ajili ya wazazi wake. Anapomkwepa Jingjing, mwigizaji anayempenda, si kwamba anamchezea; anaona hana cha kumpa. Vijana wa namna hiyo nawajua. Naye Jingjing, pamoja na umaarufu wake wa uigizaji, husema wazi anachokitaka. Dilraba Dilmurat (Jingjing) na Yang Yang (Yu Tu) wameigiza kwa utulivu, hata kimya chao kinaongea.

Udhaifu upo. Mchezo wa simu wa Honor of Kings umetawala mno mwanzoni, na kwa kuwa kampuni ya Tencent ndiyo yenye mchezo na pia jukwaa lililorusha tamthilia, unahisi unatazama tangazo. Halafu wakishakuwa wapenzi, mvutano unapoa kabisa. Mimi utamu ule wa nyumbani niliupenda sana, lakini mpenda vishindo atasinzia.